Uigaji wa picha katika sheria ya hakimiliki

Uigaji wa picha ni kitendo cha kutengeneza picha mpya kwa kufuata picha ya mpigapicha mwingine, bila kunakili picha yake yenyewe. Katika sheria ya hakimiliki swali kuu ni hili: je, mwigaji amechukua wazo tu, au amechukua pia namna mwenzake alivyolieleza?

Wazo na namna ya kulieleza

Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaofuatwa na wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema kwamba hakimiliki hulinda namna wazo linavyoelezwa, si wazo lenyewe. Kwa hiyo mpigapicha hawezi kumiliki mlima, daraja au machweo. Kinacholindwa ni ubunifu wake: pembe aliyochagua, mwanga, mpangilio wa vitu, na kazi aliyoifanya baadaye kwenye kompyuta.

Kesi ya basi jekundu

Kampuni ya Temple Island Collections ya Uingereza iliuza bidhaa za ukumbusho zenye picha iliyopigwa mwaka 2005. Ilionyesha basi jekundu likivuka daraja la Westminster, London. Jengo la Bunge nyuma yake halikuwa na rangi, na anga lilikuwa jeupe tupu. Kampuni ya New English Teas ilitengeneza picha yake inayofanana na hiyo kwa ajili ya makopo ya chai. Basi lilikuwa jingine na pembe ilikuwa tofauti. Hata hivyo, mnamo tarehe 12 Januari 2012, jaji Colin Birss aliamua kwamba hakimiliki ilivunjwa, kwa kuwa sehemu muhimu ya mpangilio na utofautishaji wa rangi ilichukuliwa. Baadhi ya wanasheria waliikosoa hukumu hiyo, wakisema inakaribia kulinda wazo.

Kesi ya Nike

Mwaka 1984 Jacobus Rentmeester alimpiga picha Michael Jordan akiruka kuelekea kikapu huku miguu yake imetanuka. Baadaye kampuni ya Nike ilipiga picha yake ya Jordan akiwa katika mkao unaofanana na huo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba Nike haikuvunja hakimiliki. Mkao peke yake hauwezi kumilikiwa, na picha hizo mbili zilitofautiana katika mandhari, mwanga na mpangilio.

Kesi hizi mbili zinaonyesha kwamba hakuna kipimo kimoja cha uigaji; kila mara mahakama hulinganisha picha zenyewe.