Taa ya Injini Ilizaliwa na Moshi

Taa ya injini ikiwaka, wengi hudhani mashine ya fundi itataja spea iliyokufa. Historia ya misimbo hii inasema vingine.

Chanzo ni moshi wa Los Angeles. Jimbo la California, likitafuta hewa safi, liliagiza magari mapya kuanzia toleo la 1988 yajichunguze yenyewe na kumwonya dereva. Lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Kwa magari mengi ya General Motors, fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi kwa waya, kisha akahesabu taa inavyomweka: mara moja, ikatulia, mara mbili. Hiyo ni 12.

Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha kiwango kimoja, OBD-II: soketi ya pini 16 na misimbo ya pamoja. Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Sasa P0301 ina maana ile ile kwa Ford na Toyota: silinda ya kwanza haichomi sawasawa.

Ila kumbuka, mfumo uliundwa kulinda hewa, si kutaja spea. P0171 husema tu kwamba hewa ni nyingi mno kwa petroli iliyopo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta habari. Ukiibadilisha kumbe mpira wa hewa ndio umepasuka, taa itarudi na pesa zimekwenda. Waandishi wa programu tunalijua hili: mstari unaolalamika si lazima uwe ndio wenye kosa.

Basi kabla hujalipa, muulize fundi: baada ya kusoma msimbo, umepima nini?