Kamera ya marehemu yenye macho mawili: ijue kabla hujaiuza

Mwaka jana mke wa marehemu ami yangu alinipigia simu kutoka Kibwezi, kule Makueni. "Mwanangu, yuko dalali anaitaka ile kamera ya ami yako kwa elfu moja na mia tano. Nimpe?" Nikamwambia asubiri, naja.

Ami alitoka Mombasa akiwa kijana, akafungua studio ya chumba kimoja Kibwezi. Siku za soko alikuwa akienda Mutomo na Kitui kupiga watu picha, enzi hizo njia ile ni vumbi tupu. Kamera yake ni lile sanduku lenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambalo mpiga picha hulishika kifuani akainama kama anayechungulia kisima. Lenzi ya juu ni ya kutazamia tu. Ya chini ndiyo inayopiga picha, na hiyo ndiyo mnunuzi ataikagua.

Kamera za namna hii zilipata umaarufu kwa Rolleiflex ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1929 mjini Braunschweig, kisha wengi wakaiga. Ukikuta Rolleiflex 2.8F iliyo nzima, usiitoe mezani mbele ya wageni, kwani mara nyingi huuzwa zaidi ya dola elfu moja. Rolleicord ni ndugu yake wa bei nafuu, aliyeanza 1933. Lubitel ya Urusi ni ya plastiki na bei yake ni ndogo. Ya ami ilikuwa Yashica, kutoka Japani.

Sasa hapa watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu Yashica si moja. Soma maandishi yaliyozunguka lenzi ya chini. Yakisema Yashikor, ndani mna vioo vitatu. Yakisema Yashinon, ni vinne, na picha yake ni kali zaidi. Kisha tazama ubavu wa kulia. Yenye kifundo cha kuzungusha ni ya bei ya chini. Yenye mkono mdogo unaokunjuka ni aina ya Mat, ambayo huvuta filamu na kutega shata kwa pamoja. Yetu iliandikwa Mat-124G, iliyotengenezwa kati ya 1970 na 1986. Hiyo G ni ya dhahabu, lakini msikimbilie bisibisi: ni mpako tu kwenye viunganishi vya kipima mwanga.

Kabla sijafika, bibi alikuwa ameshapigiwa simu na mtu mwingine, wa Kitui. Huyo alisema ndani mna "mercury" na atalipa laki tatu, ila kwanza atumiwe elfu ishirini za kupimia. Huo ni wizi. Mwaka 2009 uvumi kama huo ulienea Saudi Arabia kuhusu cherehani za Singer, watu wakazigombania kwa bei za ajabu, na hakukuwa na kitu ndani. Zebaki pekee inayohusiana na kamera hii ni ya betri ndogo za zamani za kipima mwanga, na haina thamani yoyote. Ukiikuta betri hiyo itoe, maana ikivuja hula shaba.

Tukaikagua sebuleni. Fungua mgongo, weka shata kwenye B, bonyeza usiachie, umulike lenzi kwa tochi. Utando mweupe kama wa buibui ni ukungu. Halafu weka sekunde moja usikilize. Shata iliyolala miaka mingi husitasita au hukwama wazi. Kile kijiti cha kujipiga picha mwenyewe usikiguse kabisa. Na usifute lenzi kwa kanga!

Ya ami ilikuwa na ukungu kidogo kwenye lenzi ya juu, na sekunde moja ilivuta hadi karibu mbili. Binamu yangu alitaka tunyamaze. Nikakataa: aibu ya bidhaa husemwa, na zaidi ya hapo, mali yenyewe ni ya mirathi. Tuliagiza Nairobi filamu moja ya 120, tukapiga picha zake 12, tukaziweka mtandaoni pamoja na picha za kasoro zote mbili. Namba iliyochongwa kwenye mwili wa kamera tuliiandika pia.

Kijana mmoja mpiga picha wa Nairobi alikuja mwenyewe kwa gari moshi hadi Kibwezi, akaikagua nusu saa, akalipa 32,000. Bibi alipata thumni yake, 4,000. Mwana wa kiume 14,000, mabinti wawili 7,000 kila mmoja.

Akauliza pia bei ya lile boksi la negativu. Bibi alitoa moja akaiinua dirishani: mzee wa Mutomo na wakeze wawili, wamevaa viatu vya kuazima vya studio. Akairudisha akafunga boksi. Yule kijana hakuuliza tena.