Kuitangaza tovuti kwa mitandao ya kijamii

Mwenye tovuti ya kahawa ya Ukata, wilayani Mbinga, aweza kuitangaza kupitia Facebook, Instagram na WhatsApp. Aweke picha moja nyepesi, kwani picha nzito humaliza kifurushi cha msomaji, pamoja na maelezo mafupi na kiungo cha ukurasa husika.

Habari kamili, hata hivyo, ibaki kwenye tovuti. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania, na waliouegemea peke yake wakatengwa na wasomaji wengi kwa usiku mmoja. Ni afadhali pia kutunza namba za simu za wateja, kwa ridhaa yao, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.