Jani la manjano chini ya Mlima Homa

Ukitoka Kendu Bay kwenda Homa Bay mjini, Mlima Homa unakuwa mkono wako wa kulia, upande wa ziwa. Mgeni kutoka Pwani huuona mlima tu, akapita. Lakini humo mna kitu tunachokijua sana kwetu: chokaa. Homa ni volkano ya kale, na sehemu ya mawe yake huitwa kabonatiti, mawe ya moto yaliyojaa kalsiamu kabonati. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye matumbawe tuliyojengea nyumba Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Milima ya Ruri, upande wa Lambwe, ni ya ukoo huo huo.

Nilikumbuka hayo baada ya swala ya alasiri, mzee mwenyeji wangu aliponipeleka uani kunionyesha mchungwa wake. Majani ya zamani yalikuwa mazima. Yale mapya ndiyo yaliyopauka manjano, na mishipa yake imebaki kijani kama wavu. Alikwisha weka samadi, akanunua mbolea ya dukani, na sasa jirani amemshauri aweke chokaa.

"Mwanangu, mti huu una njaa gani isiyoshiba?"

Njaa yenyewe, kwa alama zile, ni ya chuma. Na ajabu ni kwamba udongo wetu wa Afrika Mashariki haukosi chuma. Shida ni kwamba penye chokaa nyingi chuma hakiyeyuki, na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Kipimo cha uchungu wa udongo, yaani pH, kikipanda daraja moja tu, chuma kinachoweza kuyeyuka hupungua kama mara 1,000. Zinki na manganizi nazo hujificha vivyo hivyo.

Ndani ya jani mambo ni haya. Klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa jua, katikati yake kuna magneziamu, wala si chuma. Lakini mti hauwezi kuiunda bila chuma. Chuma kikikosekana, jani jipya huzaliwa bila rangi, na kwa kuwa chuma hakihami kirahisi kutoka jani kuukuu kwenda changa, wakubwa hubaki wameshiba na wadogo wana njaa. Ndiyo maana mahali pa manjano panasema mengi. Manjano ikianzia majani ya chini, shuku naitrojeni au magneziamu. Ikianzia juu, shuku chuma, manganizi au zinki. Ya zinki utaitambua zaidi kwa majani madogo, membamba, yaliyosongamana kwenye ncha ya tawi.

Waliolichunguza sana jambo hili ni wakulima wa mizeituni, kwa sababu Andalusia kule Hispania, na sehemu nyingi za Bahari ya Kati, ni nchi ya chokaa tupu. (Sisi tunao mzeituni mwitu kwenye misitu ya nyanda za juu za Kenya, wa spishi ile ile, lakini mafuta ya zeituni tunayanunua kwa bei ya marashi.) Huko ilionekana kioja: ukilipeleka jani la manjano maabara, chuma chake huweza kulingana na cha jani la kijani, au hata kukizidi. Kimo, ila kimekwama mahali jani haliwezi kukitumia, na jani lenyewe limedumaa. Kwa hiyo cheti cha maabara kinachosema chuma kinatosha kisikufumbe macho.

Boroni ni hadithi nyingine. Jani la mzeituni likiwa na chini ya sehemu 14 katika milioni huhesabiwa kuwa na upungufu; ncha hugeuka manjano na shina la jani hubaki kijani, na matunda hutoka na sura mbovu. Boroni ikipungua, fenoli hurundikana ndani ya jani, ndizo zile kemikali kali za kujikinga. Wakati wa maua mzeituni hutoa boroni kwenye majani na kuipeleka mauani, jambo ambalo miti mingi haiwezi.

Sasa turudi kwa mzee na chokaa ya jirani. Ushauri ule si wa kijinga. Nyanda za mvua nyingi za Kisii na sehemu za Migori zina udongo mchungu, na chokaa huko huupoza na kuifungua fosforasi. Lakini ushauri husafiri kwa matatu, udongo hausafiri. Gunia lile lile linaloponya shamba la Migori litazidi kuufungia chuma mti uliopandwa chini ya Homa. Mimi nalaumu desturi yetu ya kutangaza dawa moja kwa kaunti nzima. Kupima pH ya udongo ni rahisi kuliko gunia la pili.

Nilimwambia asiweke chokaa, arundike mboji na nyasi kavu shinani, na asizidishe maji, kwani udongo uliolowa kila siku huongeza tatizo. Chumvi ya kawaida ya chuma ukiimwaga kwenye udongo wa chokaa huganda upesi. Aulize duka la pembejeo chuma cha keleti aina ya EDDHA. Ile ya EDTA ni rahisi zaidi lakini hushindwa penye chokaa nyingi. Zinki na manganizi hunyunyiziwa majanini. Boroni asiiguse bila kipimo, maana kati ya dawa na sumu yake pana hatua fupi mno.

Kwanza, hata hivyo, achague tawi moja tu, alinyunyizie maji ya chuma hafifu, na asubiri wiki mbili.