Msaada wa pesa taslimu kwa familia za vijijini: Fizi na Baraka

Msaada wa pesa taslimu ni utaratibu wa kuipa familia maskini fedha yenyewe badala ya unga, mbegu au blanketi, na kuiachia uamuzi wa matumizi. Katika teritori ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lawama inayosikika zaidi dhidi yake ni kwamba maskini atatapanya. Tafiti zilizofanywa Kivu na Kenya haziungi mkono lawama hiyo. Kizito zaidi kwa Fizi ni njia ambayo pesa inapitia hadi imfikie mwenyewe, na kama bidhaa zipo sokoni siku anayoipata.

Teritori hii inapanda kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi milima ya Itombwe. Wabembe ndio wengi, wakiishi na Wabuyu, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengine. Wanalima mihogo, mahindi na karanga, wanakamua mawese, wanavua ndagala na mikeke. Vijana wengi huenda kuchimba dhahabu Misisi. Baraka, mji wa ziwani, ndiyo bandari iliyopokea meli za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilizowarudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma, Tanzania, kuanzia 2005. Miaka kumi baadaye Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walifunguliwa kambi ya Lusenda, na baadaye eneo la Mulongwe. Kuanzia 2019 vita vya nyanda za juu vilishusha maelfu ya watu pwani, na ziwa lenyewe likapanda na kufunika nyumba. Familia ya hapa hupokea wageni kabla ya kupona hasara yake.

Wakimbizi wa Lusenda na Mulongwe wamepewa pesa ya chakula na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (PAM). Kwingineko Kivu, UNICEF iliendesha kuanzia 2011 mpango wa ARCC kwa fedha za Uingereza, uliowapa waliohama na waliorudi pesa bila masharti. Aina nyingine ni ujira wa kazi za mikono, kama kutengeneza barabara, unaolipwa kupitia Fonds Social, mfuko wa serikali. Huo ni malipo ya jasho, na haumfikii mjane mzee wala mama anayenyonyesha.

Pesa ikifika nyumbani

Kabla ya bati na mbuzi huja deni. Familia iliyokula kwa mkopo dukani miezi miwili hulipa kwanza, kwa sababu asiyelipa hakopeshwi tena. Anayetathmini mradi akiona nusu ya pesa imeishia kwa mwenye duka, asiandike kuwa imepotea: imenunua haki ya kukopa msimu ujao wa njaa.

Faida kubwa zaidi iko shambani, nayo huchelewa kuonekana. Muhogo unahitaji karibu mwaka mzima ardhini, pengine zaidi. Familia isiyo na kitu hung'oa mihogo michanga, au huiuza ingali ardhini kwa bei ya kutupa. Tena baba na mama huenda kulima kwa watu ili wale siku hiyo, na mvua ya kwanza inawakuta wakiwa kwenye shamba la mwingine huku lao likiota magugu. Pesa ya wiki chache tu, ikifika kabla ya mvua, inawarudisha kwenye shamba lao. Ikifika baada ya kupanda, inaliwa tu. Kwa familia ya mkulima tarehe ya malipo ina uzito sawa na kiasi chake, na mipango inayofuata kalenda ya mfadhili huwadhulumu wakulima bila kukusudia.

Shule nayo inadai. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure Septemba 2019, lakini sare, madaftari na ada ya sekondari vimebaki kwa mzazi. Wanawake wengi huweka sehemu ya pesa katika likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, au katika vikundi vya kuweka na kukopa viitwavyo AVEC. Mbuzi na bati hununuliwa kwa tahadhari zaidi kuliko katika vijiji vyenye amani, maana mifugo ndiyo ya kwanza kuporwa, na familia ikikimbia usiku haiwezi kubeba paa.

Katika Masisi, Kivu Kaskazini, mtafiti Jenny Aker alilinganisha mwaka 2011 na 2012 familia za waliohama zilizopewa pesa na zilizopewa vocha za thamani ileile, dola 130 kwa jumla. Waliopewa pesa walinunua vitu vya aina nyingi zaidi. Hali ya chakula na mali haikutofautiana sana baina ya makundi hayo, na kuendesha vocha kuligharimu zaidi. Utafiti mwingine wa Kivu Kaskazini, uliochapishwa 2022, uliwaangalia watu waliopewa vocha za kuchagua vyombo vya nyumbani kwenye maonyesho ya biashara. Utulivu wa akili wa watu wazima uliongezeka waziwazi; afya ya watoto haikubadilika. Nimeona matokeo haya yakitajwa kama kasoro. Mama aliyekimbia na kanga moja, akachagua mwenyewe sufuria yake, amerudishiwa kitu ambacho gunia la unga halina.

Njia ya pesa

Pesa huja kwa simu, au kwa noti mkononi. Kwa noti, dola iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa sokoni au huvunjwa kwa hasara. Mpokeaji mzoefu huinua kila noti juani kabla ya kuondoka mezani. Kwa simu, laini lazima isajiliwe kwa kitambulisho, na Wakongo wengi wanatumia kadi ya uchaguzi. Aliyeipoteza vitani hutegemea laini ya mtu mwingine.

Hapo ndipo wizi unapopata mlango. Kwa miezi sita kuanzia Agosti 2022, shirika la GiveDirectly liliibiwa takriban dola 900,000 zilizokusudiwa familia zaidi ya 1,700 za Kivu Kusini. Kwa sababu ya umbali na usalama mdogo, lilikuwa limewaruhusu wafanyakazi wake kusajili laini za wapokeaji, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mawakala wa simu. Baadhi ya wafanyakazi hao walitumia nafasi hiyo kuzielekeza pesa kwao. Shirika lilisimamisha malipo Januari 2023 na kutangaza wizi huo lenyewe. Maskini hawakutapanya chochote. Wengi wao hawakuiona hata hiyo pesa.

Soko nalo lina kikomo. Katika Siaya, Kenya, ambako familia zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, bei zilipanda kwa asilimia 0.1 tu, na majirani wasiopewa nao walifaidika. Fizi haiwezi kudhaniwa hivyo. Barabara ya Uvira hadi Baraka huharibika wakati wa mvua, na wenye silaha hutoza kwenye barieri. Mahali ambapo lori halifiki, pesa nyingi kwa siku moja hufukuza unga ule ule mchache, na wasioandikishwa ndio wanaolipia kupanda kwa bei. Huko chakula chenyewe bado ni msaada bora kwa muda.

Wakala wa simu wa kijijini naye hupata noti zake mjini. Waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, benki za miji hiyo zilifungwa na noti zikaadimika: salio likawa kwenye simu, na wakala hana cha kutoa.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina mfuko wa TASAF unaolipa kaya maskini kwa mpango wa taifa, na Zanzibar imewalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi tangu 2016. Katika Fizi, malipo hufuata maafa na bajeti ya mfadhili. Aliyelipwa mara tatu hajui kama kuna ya nne, kwa hiyo hapangi shamba la mwaka ujao kwa kuitegemea. Hulipa deni, hununua miche ya mihogo, na kinachobaki hukiweka kwenye likelemba.