Gemu Zinakwama? Badilisha Prosesa Bila Kumaliza Doo

Msee, kabla ununue mashini mpya, fungua Task Manager ukicheza gemu. Prosesa ikiwa 100% na kadi ya grafiki 50%, prosesa ndiyo inakuangusha. Ikiwa ni kinyume, hiyo doo weka kwa kadi.

1. Cheki soketi
Prosesa haiingii kwa mazabodi yoyote tu. Chukua Dell OptiPlex 9020, zile za ofisi zinazouzwa ex-UK, yenye Core i5-4570. Soketi yake ni LGA 1150. Core i7-6700 haitoshei, hiyo ni ya LGA 1151. Inayoingia ni Core i7-4770: kore ni 4 zile zile, lakini tredi zinatoka 4 hadi 8. Zote ni wati 84, kwa hivyo feni na pawa saplai zinabaki.

2. Nunua mtumba, lakini iwashwe ukiona
Usitoe chapaa kabla muuzaji aijaribu mbele yako.

3. Funga pole pole
Hapa pini ziko kwa mazabodi. Ukizikunja, unaweza kuwa umeua mazabodi nzima. Iweke bila kusukuma, panguza pesti ya zamani, kisha weka mpya saizi ya punje ya ndengu.

Sasa ile story wauzaji hawakuambii: Windows 11 haisapoti rasmi Intel za kizazi cha 4, na sapoti ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025. Bei ya i7 ikikaribia ile ya mashini nzima ya kizazi cha 8, wachana nayo.