Nani Aupime Mdomo? Historia Fupi ya Mtaalamu wa Meno Bandia

Katika somo la fonetiki tunawafundisha wanafunzi wetu kuwa f na v ni sauti za midomo-meno, nazo th na dh ni za meno. Je, msemaji asiye na meno hufanyaje? Swali hilo linatuleta kwenye historia ya mtaalamu anayetengeneza meno bandia na kumvisha mgonjwa yeye mwenyewe.

Zamani meno hayo yalikuwa ya matajiri. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno yaliyochongwa kwa pembe za kiboko. Si ya mbao kama inavyosimuliwa. Katikati ya karne ya 19 ulipatikana mpira mgumu uliotengenezwa kwa salfa na joto. Bei ikashuka, wahitaji wakaongezeka. Baadaye kazi ikagawanyika: daktari wa meno alichukua kipimo cha kinywa, na fundi akatengeneza meno maabarani bila kumwona atakayeyavaa.

Huko Kanada baadhi ya mafundi walianza kuwahudumia wagonjwa ana kwa ana, ingawa sheria haikuwaruhusu. Madaktari wakapinga, wakisema fundi hakusomea magonjwa ya kinywa. Mnamo mwaka 1958 jimbo la British Columbia likaitambua kazi hiyo kisheria. Mwaka 1978 wapiga kura wa Oregon, Marekani, nao wakaikubali.

Hata hivyo, hoja ya madaktari haikupotea bure. Mtaalamu huyu hupima, hutengeneza, huvisha na kurekebisha meno bandia; kung'oa jino na kutibu maradhi si kazi yake. Akiona kidonda kisichopona, ambacho huenda kikawa saratani, ni wajibu wake kumpeleka mgonjwa kwa daktari bila kuchelewa.

Aidha, ana wajibu unaotuhusu sisi walimu wa lugha. Kabla ya kuyakamilisha meno, humtaka mgonjwa atamke maneno yenye f, v na s. Meno ya mbele ya juu yakiwa marefu mno, f huelekea kusikika kama v, na mtu aliyekusudia kusema "faa" akasikika amesema "vaa". Fundi aliyefungiwa maabarani asingeweza kulisikia kosa hilo. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtengenezaji kukutana na mvaaji: meno ya kuvaliwa hayana budi pia kufaa kwa kusemea.